Madoa kwenye Mkasi wa Leba

Mkasi wenyewe ulikuwa wa kukatia kitovu. Nilipewa nikiwa na miezi mitatu tu kazini, mtaalamu mpya wa maabara kwenye hospitali moja ya kanda ya kati. Aliyenipa alikuwa sista wa chumba cha kutakasia vifaa, mama wa makamo ambaye vijana wote pale walimwamkia kwanza, daktari baadaye. Nilikuwa nimemwendea kuomba nafasi kwenye autoklevu yake, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke wenye shinikizo, maana ya maabara ilikuwa imekufa tangu Jumatatu.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si ndiye uliyesomea kemia? Hebu niambie huyu ana ugonjwa gani."

Nikaupokea. Kwenye maungio, pale penye skrubu, kulikuwa na vidoa vya kahawia, vidogo kama punje za ulezi. Nikavisugua kwa ukucha, havikutoka. Nilipouelekeza dirishani nikaona si madoa tu, ni vishimo.

"Kutu," nikasema.

Akacheka. "Kutu naijua. Hiki ni chuma cha pua, miaka yote tunaambiwa hakishiki kutu. Na mwaka huu huu ni mkasi wa nne."

Jibu langu la siku ile lilikuwa la mwanafunzi anayetaka kuonekana. Nikamweleza kwamba chuma cha pua hakizuii kutu kwa ugumu wake. Kinazuia kwa sababu kimechanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5, na kwenye mikasi ya upasuaji asilimia 13 hivi. Kromiamu iliyo juu ikikutana na oksijeni hutengeneza utando wa oksaidi wenye unene wa nanomita chache, hauonekani kwa macho, na ukikwaruzwa unajiziba wenyewe. Chuma kinaishi chini ya utando huo kama kiini ndani ya ganda la yai. Sista alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Sasa ganda kalivunja nani?"

Kalivunja ndoo. Ilikuwa imekaa pembeni mwa miguu yetu muda wote tukizungumza.

Zilikuwa ndoo tatu, zimepangwa kama nilivyoziona zimepangwa kwenye karibu kila kituo cha afya nilichowahi kuingia: ya kwanza maji ya jiki, ya pili maji ya sabuni, ya tatu maji ya kusuuzia. Unachukua jiki ya dukani ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, unapata klorini ya asilimia 0.5. Vifaa vinalowekwa dakika 10, basi. Hizo dakika 10 zimeandikwa kwenye kila bango la ukutani, na aliyeziandika alijua anachofanya. Lakini usiku leba ina wazazi watano na mkunga mmoja. Dakika 10 zinageuka saa mbili, saa mbili zinageuka mpaka zamu ya asubuhi iingie, na mkasi bado uko ndani ya ndoo.

Jiki inaunguza bila moto. Inanyang'anya elektroni kutoka kwa chochote inachokutana nacho, na kijidudu kikinyang'anywa elektroni za protini zake kimekwisha. Lakini elektroni za chuma nazo ni elektroni, jiki haina macho ya kuchagua. Halafu ikishamaliza kazi inaacha kloridi, ile ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani, na kwa utando wa kromiamu kloridi ni mwizi mzoefu. Haiuvunji wote. Inatafuta pahala dhaifu, kwenye maungio, kwenye meno ya koleo, kwenye mkwaruzo wa zamani, inatoboa hapo. Ndani ya tundu hilo oksijeni haifiki vizuri, kwa hiyo utando unashindwa kujiziba, asidi inajikusanya, na shimo linaendelea kujichimba lenyewe. Juu unaona punje ya ulezi, chini kuna pango.

Na chumvi haikutoka kwenye jiki peke yake. Damu ina chumvi. Maji ya dripu ya chumvi yana gramu 9 kwa lita. Na maji ya kisima chetu, kama ya visima vingi vya kanda ya kati, ukiyapikia chai huna haja ya kumuuliza mtu kama yana chumvi. Mkasi ulioshiba chumvi vishimoni unafungwa kwenye kitambaa, unaingizwa kwenye mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 30, na joto linaharakisha kila kilichokuwa kinakwenda polepole.

Baadaye nilisoma mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu kusafisha na kutakasa vifaa tiba. Unasema wazi kwamba vifaa visilowekwe kwenye klorini kabla ya kuoshwa: klorini inakula chuma, damu inaidhoofisha klorini yenyewe, na kubeba ndoo ya damu na jiki kutoka chumba hadi chumba ni hatari kwa mbebaji. Osha kwanza kwa maji, sabuni na brashi, ndipo utakase. Nilitamani ningekuwa na karatasi hiyo siku ile. Ila nina hakika hata ningekuwa nayo, sista angeniuliza kwa nini basi tumefundishwa ndoo miaka yote hiyo, na ningebaki naangalia viatu vyangu.

Swali lake la ganda lilinikaa kichwani. Darasani tulifundishwa utakasaji kama habari ya vijidudu: kipi kinakufa kwa njia ipi, baada ya dakika ngapi. Kifaa chenyewe kilikuwa kama meza tu ambayo vita vinapiganiwa juu yake, hakuna aliyeuliza hali ya meza. Kumbe silaha zote tulizonazo zinapiga vifungo vya kemia, na vifungo hivyo havina jina la mwenyewe. Mvuke unamuua kijidudu kwa sababu maji ya moto yanazifumua protini zake zikaganda kama ute wa yai, na maji hayo hayo ya moto yanakata minyororo ya pamba na ya baadhi ya plastiki. Oveni ya joto kavu, nyuzi 170 kwa saa nzima, inaoksidisha kila kilichomo, ndiyo maana mafundi wanashauri vifaa vyenye makali vichomwe kwa nyuzi 160 kwa saa mbili, la sivyo makali yanalegea. Kijidudu kimeumbwa kwa kaboni, haidrojeni, oksijeni na naitrojeni. Glovu nayo ni kaboni na haidrojeni. Shuka la thieta ni kaboni, haidrojeni na oksijeni. Ukitangaza vita dhidi ya kaboni, jirani naye ataumia.

Somo hilo nililipata kwa aibu yangu mwenyewe. Tulihitaji kuotesha fangasi, nikapika Sabouraud, chakula cha fangasi ambacho maabara zote wanakijua: gramu 40 za glukosi kwa lita, gramu 10 za peptoni (protini iliyovunjwavunjwa), agari ya kugandisha, na uchachu wa pH 5.6 ili bakteria wasijisikie nyumbani. Nikaitia kwenye autoklevu ya sista. Dakika ya kumi na mbili umeme ukakatika. Jenereta ilikuwa ya thieta tu. Umeme uliporudi baada ya saa nzima nikafanya ambalo kila mtu mwenye haraka angefanya: nikaanza upya, dakika 15 kamili, tena nikaongeza tano za kujihami.

Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa jikoni tangu asubuhi. Na hakikuganda. Nikakiacha usiku kucha kwenye sahani, asubuhi nikainamisha moja, ikamwagika kama uji wa mgonjwa. Sista akachungulia, akanusa, akasema, "Hii umeunguza sukari." Alikuwa sahihi bila kusoma kitabu chochote. Glukosi ikikaa kwenye joto inapoteza maji na kugeuka vitu vingine, kimoja kinaitwa hidroksimethili-fufurali, na ikiwa na amino asidi za peptoni pembeni wanaungana na kutoa rangi ya kahawia, ile ile ya ganda la mkate na ya andazi likiiva. Kutokuganda nako kuna sababu yake. Agari ni mnyororo mrefu wa sukari, na mnyororo wa sukari ukichemshwa muda mrefu ndani ya asidi hukatikakatika. Kwa pigo moja nilikuwa nimeunguza chakula na kuvunja sahani yake.

Tangu hapo glukosi naitakasa peke yake, au naipitisha kwenye chujio la mikromita 0.22, kisha naiongeza mwishoni. Watengenezaji wa dripu za glukosi wana vita hiyo hiyo. Wanaacha maji yake yawe na uchachu kidogo kwa sababu glukosi inavumilia joto vizuri zaidi penye uchachu, na kwenye maji ya kusafishia damu kupitia tumboni kwa wagonjwa wa figo mabaki hayo ya glukosi iliyoungua yanajulikana kuukera utando wa tumbo.

Kuna lingine la agari ambalo lilinifanya nijisikie afadhali. Mwaka 2014 watafiti wa Kijapani walichapisha kwamba ukipika fosfeti na agari pamoja kwenye autoklevu, inazaliwa haidrojeni peroksaidi kidogo, kemikali inayoua vijidudu, ndani ya chakula, na bakteria wengi wa mazingira wanashindwa kuota humo. Ukipika kila kimoja peke yake ukachanganya baadaye, makundi ya bakteria yanayoota yanaongezeka. Fikiria ni maabara ngapi, kwa zaidi ya miaka mia, zilipika vyote kwenye chungu kimoja kisha zikaandika kwamba udongo fulani hauna bakteria wengi. Charles Chamberland, mfanyakazi mwenza wa mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur, na ndiye aliyeunda autoklevu mwaka 1879, hakuwa na namna ya kulijua hilo. Wala mimi nisingelijua.

Wakati mwingine uharibifu ndio tunaoutaka. Agari ya chokoleti, chakula kingine cha kuoteshea bakteria, haina chokoleti hata chembe, ni damu iliyochemshwa kwa nyuzi 80 hivi mpaka seli zikapasuka na kumwaga vyakula ambavyo bakteria aitwaye Haemophilus hawezi kuishi bila hivyo. Ukiipeleka kwenye autoklevu, kimojawapo cha vyakula hivyo kinaharibika na Haemophilus wako anakufa njaa mezani. Nyuzi 80 ni upishi, nyuzi 121 ni maafa.

Glovu sasa. Vijana wa leo watashangaa, lakini sista alianza kazi enzi ambazo glovu za upasuaji zilifuliwa, zikaanikwa kwenye kamba kama soksi, zikapakwa poda, zikafungwa mbili mbili, zikarudi kwenye autoklevu. Mara tatu tu, baada ya hapo zinatupwa. Na kulikuwa na sheria moja ambayo aliwahi kuniambia nami nikadhani ni imani za wazee: glovu zikitoka kwenye mvuke usizivae siku hiyo, ziache zipumzike siku moja au mbili.

"Zinachoka," alisema. "Ukizivaa zikiwa zimechoka zinapasuka kwenye kidole gumba."

Nilitabasamu. Miaka kadhaa baadaye nikaikuta sheria hiyo kwenye mwongozo wa kuzuia maambukizi, neno kwa neno karibu: subiri saa 24 hadi 48, unyumbufu urudi. Mpira wa asili ni minyororo mirefu iliyoshikamanishwa kwa salfa. Mvuke unaingia ndani yake na kuulegeza, na kila mzunguko wa joto unaipa oksijeni nafasi ya kushambulia vifungo viwili viwili vilivyomo kwenye mnyororo. Sehemu ya madhara inarudi mpira ukipoa na kukauka. Sehemu nyingine hairudi, na ndiyo hesabu ya ile mara tatu.

Historia ya glovu yenyewe inaanza na mikono iliyochubuka. Kwenye hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1880, nesi wa upasuaji Caroline Hampton alikuwa akichubuka vibaya kwa sababu ya dawa ya zebaki waliyonawia mikono ili kuua vijidudu. Daktari William Halsted, ambaye baadaye alimwoa, akaagiza kampuni ya Goodyear imtengenezee glovu nyembamba za mpira. Zililetwa kuikinga ngozi ya nesi dhidi ya dawa. Kumkinga mgonjwa kulikuja baadaye. Dawa ya zebaki haikujua kutofautisha protini ya bakteria na protini ya mkono wa Caroline.

Chukua bomba la sindano lolote ambalo halijafunguliwa, ligeuze upande wenye maandishi madogo. Utaona neno STERILE kwenye kiboksi, na pembeni yake herufi mbili, EO, au moja, R. Nimewaonyesha wengi na karibu wote walidhani ni namba ya kiwanda. EO ni ethilini oksaidi, gesi inayochemka kwenye nyuzi 10.7, inayowaka kwa urahisi na inayosababisha saratani. Inajishikiza kwenye protini na kwenye DNA ya kijidudu mpaka haviwezi kufanya kazi. Uzuri wake ni kwamba haihitaji joto kali, plastiki haiyeyuki. Ubaya wake ni kwamba inazama ndani ya plastiki na kukaa humo kama moshi kwenye nguo, kwa hiyo mabomba hayo lazima yapepetwe kwa hewa kwa saa nyingi kabla hayajapelekwa sokoni, na ikikuta kloridi mahali inatengeneza kemikali nyingine yenye sumu, kloroethanoli. Nyuzi za kushonea zinazoyeyuka mwilini nazo hutakaswa kwa gesi hii, kwa sababu zimetengenezwa makusudi zivunjwe na maji, na mvuke ungezimaliza kabla hazijamfikia mgonjwa.

R ni mionzi. Mara nyingi ni miale ya gama kutoka kobalti-60, metali yenye mionzi, na kipimo cha kawaida ni kilograi 25, yaani grai 25,000 (grai ni kizio cha mionzi iliyomezwa). Mtu mzima mwili wote ukipata grai tano yuko kwenye hatari kubwa ya kufa, sasa bomba hupewa mara elfu tano ya hizo. Jambo la ajabu ni kwamba nishati hiyo yote, ukiigeuza kuwa joto, ingepandisha maji nyuzi sita tu. Hata ya kuoga isingefaa. Haiui kwa joto. Inaua kwa kukata, elektroni moja moja, na kila inapokata inaacha ncha yenye njaa, radikali huru, inayotafuta wa kushikamana naye.

Plastiki hazifanani mbele ya mionzi hii. Sahani za Petri, zile za kuoteshea vijidudu, za polistirini zinaivumilia vizuri, kwa sababu zile pete za benzini ndani yake zinaumeza mshindo na kuutawanya. (Polistirini hiyo hiyo iweke kwenye autoklevu uone. Niliweka. Nilitoa kitu kama chapati zilizoshikana, na sista akakitundika ukutani kwa wiki nzima.) PVC inageuka manjano. Teflon, ambayo jikoni tunaisifu kwa uvumilivu, inakuwa dhaifu kwa kipimo kidogo sana. Polipropilini, plastiki ya mabomba yenyewe, inatoka salama mbele ya macho yako, halafu inaendelea kuzeeka kwenye kabati miezi baada ya miezi mpaka siku moja inakatika mkononi, ndiyo maana viwanda vinaitia viungo vya kuilinda au vinaamua kutumia gesi.

Hilo la kuzeeka kabatini ndilo lililonifanya niandike makala hii, na limefika mpaka ndani ya ukoo wetu.

Shangazi yangu anauza mawese Kigoma. Nyonga yake ya kulia ilikufa, akapelekwa Dar es Salaam kuwekewa ya bandia, na alipotoka akanikabidhi faili lake nimsomee, maana kwake mtu wa maabara na daktari ni mmoja. Ndani kulikuwa na stika zilizobanduliwa kwenye maboksi ya vipande alivyowekewa. Kwenye moja, ya kikombe cha plastiki ambamo kichwa cha mfupa wa bandia kinazungukia, nikaona lile kiboksi: STERILE R. Moyo ukanipasuka kidogo, kwa sababu nilikuwa naijua hadithi yake.

Nyonga ya bandia kama tunavyoijua ilitoka kwa John Charnley, daktari wa mifupa Mwingereza wa hospitali ya Wrightington. Alianza na vikombe vya Teflon, vikasagika ndani ya wagonjwa kwa miaka michache. Mwaka 1962 akahamia polietilini yenye minyororo mirefu mno, uzito wa molekuli wake unahesabiwa kwa mamilioni, na hiyo ikasimama. Tatizo likawa kuitakasa: autoklevu ingeikunja. Kwa hiyo vikombe vilifungashwa kwenye paketi yenye hewa ya kawaida, vikapigwa gama, vikapangwa rafuni. Ilifanyika hivyo kwa miongo, karibu dunia nzima.

Ndani ya polietilini kuna sehemu zilizojipanga kama fuwele, na radikali zinazozaliwa humo zinanaswa, haziwezi kutoka kutafuta wenza. Zinakaa, miaka. Oksijeni inapenya taratibu kutoka kwenye hewa ya paketi, inazikuta, na mnyororo unakatika, radikali mpya inazaliwa, nayo inamkuta jirani. Ukitaka kuielewa kemia hii nenda kwenye kibuyu cha samli ya zamani. Polietilini ni mkia wa mafuta uliorefushwa mpaka ukawa kigumu, na kinachotokea ni kile kile: inachacha. Kikombe kilichokaa rafuni miaka mitano kilikuwa kimeshachacha kabla hakijamwona mgonjwa. Madaktari waliokuja kuvitoa vilivyoharibika wakavikata, wakakuta mstari mweupe chini kidogo ya uso, plastiki iliyokuwa imara sasa ngumu na yenye kuvunjika kama biskuti. Punje zinazosagika kutoka humo zinameza amani ya mfupa: seli za kinga zinazila, zinashindwa kuziyeyusha, zinakasirika, na mfupa unaozunguka unaliwa.

Kufikia katikati ya miaka ya 1990 wenye viwanda walikuwa wakiachana na hewa, wakifungasha kwa naitrojeni au kwa ombwe, au wakihamia kwenye gesi. Halafu likatokea ninalolipenda kuliko yote. Wataalamu wakaona kwamba radikali zile, zikikutana zenyewe kwa zenyewe badala ya oksijeni, zinashona mnyororo na mnyororo, na plastiki iliyoshonwa haisagiki upesi. Wakaongeza mionzi badala ya kuipunguza, kilograi 50 hadi 100, kisha wakaiyeyusha plastiki ili radikali zilizonaswa zifunguke na kumalizana kabla ya kuonja hewa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 vikombe hivyo vilianza kuingia kwa wagonjwa, na vinasagika kidogo zaidi kwa mbali. Ukali ule ule uliokuwa ugonjwa, ukihesabiwa vizuri, ukawa tiba. Baadaye wengine wakaichanganya plastiki na vitamini E, ambayo kazi yake ni kuzimeza radikali kabla hazijaleta balaa.

Kikombe cha shangazi, kwa mujibu wa karatasi iliyofuatana na stika, kilikuwa cha aina hiyo ya mwisho. Nikamweleza, kwa kifupi, nikaruka mambo ya fuwele. Aliponisikia nikisema vitamini E inazuia mafuta yasichache na kwamba imejaa kwenye mawese, akaniinulia mkono ninyamaze.

"Kwa hiyo, baba, wazungu wamenitia mawese nyongani."

"Si mawese yenyewe, Shangazi. Ni..."

"Basi ningewauzia mie kwa bei nzuri."

Kuhusu barakoa za mwaka 2020 nitasema kwa ufupi, maana sote tulizichoka. Zile nzito za N95 zilikuwa adimu, tukawa tunazirudia. Mwenzetu mmoja akazipulizia spiriti zote, akazianika, akatugawia kwa fahari. Tabaka la katikati la barakoa hizo ni nyuzi nyembamba za polipropilini zilizochajiwa umeme tuli, teknolojia iliyokuzwa na Peter Tsai wa Chuo Kikuu cha Tennessee, na sehemu kubwa ya uwezo wake wa kunasa vumbi inatoka kwenye chaji hiyo. Spiriti inaifuta. Nyuzi zinabaki nzima, kitambaa kinanukia usafi, kirusi kimekufa, na barakoa haikamati tena kama ilivyokuwa. Tsai mwenyewe, aliyetoka kwenye kustaafu wakati wa janga kusaidia, alishauri joto kavu la nyuzi 70 hivi kwa nusu saa, au kuzipumzisha tu kwa zamu siku kadhaa. Sista alipoisikia hiyo ya kupumzisha aliniangalia kwa jicho moja. Alikuwa anakumbuka glovu.

Mara ya mwisho kupita pale ilikuwa mwaka jana, nilikuwa safarini na basi lilisimama. Maabara ina autoklevu mpya, yake sista ni ile ile, mlango wake umebadilishwa mpira. Waraka wa kuacha kuloweka vifaa ulikuwa umefika, na ndoo ya kwanza haikuwepo mahali pake.

"Iko wapi, Sista?"

"Nakingia maji ya mvua. Hayana chumvi, ndiyo nampa huyu mzee," akaipiga autoklevu ubavuni kama mtu apigavyo ng'ombe anayemjua.

Alikuwa anaosha seti ya leba, brashi ndogo mkononi, akifungua kila mkasi mpaka mwisho na kusugua kwenye skrubu. Akaukausha mmoja kwa kitambaa, akaukausha tena, akauinua kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akanipa na mimi niangalie.